Kikoba, SACCOS, mkopo wa kikundi au wa simu: upi unakufaa?

Mama wa genge na mkulima wa alizeti wanaweza kukopa milioni moja mahali pamoja, kwa riba ile ile, na mwaka ukiisha mmoja ameongeza meza ya pili na mwenzake ameuza mbuzi wote. Riba haikuwatofautisha. Genge huingiza pesa kila jioni, alizeti huingiza mara moja kwa mwaka, na marejesho yalikuwa ya kila wiki kwa wote wawili. Ndiyo maana jirani au ndugu akiniuliza achukue mkopo gani, namuuliza kwanza mambo mawili: pesa yako inaingia lini, na siku ukikwama ni nani atakuja kugonga mlango wako? Asilimia tunazijadili baadaye, tena kwa kalamu na karatasi.

Nalinganisha hapa njia ambazo mtu wa kipato kidogo Tanzania hukutana nazo. Kwa msomaji wa Kenya majina yatabadilika kidogo, chama badala ya kikoba, lakini mambo yenyewe ni yale yale.

Mkopo wa kikundi: wenzako ndio dhamana

Mwaka 1976 Muhammad Yunus, mhadhiri wa uchumi katika Chuo Kikuu cha Chittagong, aliwakopesha watu 42 wa kijiji cha Jobra, Bangladesh, jumla ya dola 27 za Marekani kutoka mfukoni mwake. Mwaka 1983 jaribio hilo likawa Grameen Bank, na mwaka 2006 yeye na benki hiyo wakapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Wazo lilikuwa kwamba asiye na hati ya nyumba wala mshahara adhaminiwe na wenzake wanne wanaomjua vizuri. Kwetu mfumo huu ulienea katika miaka ya 1990 kupitia taasisi kama K-Rep kule Kenya na PRIDE hapa Tanzania, na BRAC, shirika la huko huko Bangladesh, likaja Tanzania mwaka 2006.

Uendeshaji wake karibu kila mtaa unaujua. Watu watano wanaunda kikundi, vikundi kadhaa vinakutana kwenye kituo kimoja, mara nyingi barazani kwa mmoja wao, siku ile ile na saa ile ile kila wiki. Afisa mikopo anakaa na orodha, kila kikundi kinakabidhi marejesho. Elfu ishirini ya mtu mmoja ikipungua, hakuna anayeondoka mpaka hesabu itimie. Wenzake wanachanga, halafu wanaongozana kwenda kwake, na hapo ndipo televisheni na makochi hutolewa nje mchana kweupe, watoto wakiangalia. Mkopo ulikuwa wa taasisi, lakini uhasama unabaki kwa majirani, na huo haulipwi kwa awamu.

Faida yake kubwa ni kwamba unaingia bila hati, bila mshahara, hata bila kumbukumbu za biashara, na ukilipa vizuri kiwango kinapanda. Kwa mwanamke ambaye nyumba imeandikwa jina la mume, kwa miaka mingi huu ulikuwa mlango pekee uliokuwa wazi. Silibezi hilo hata kidogo.

Udhaifu wake ni ratiba. Marejesho mara nyingi huanza wiki inayofuata, kabla mzigo haujauzwa, kwa hiyo mkopaji hulipa marejesho ya kwanza kwa pesa ile ile aliyokopeshwa. Watafiti walilipima jambo hili mjini Kolkata, India. Wakopaji waliopewa miezi miwili kabla ya kuanza kulipa waliwekeza zaidi katika biashara zao na baadaye wakapata faida kubwa kuliko walioanza kulipa baada ya wiki mbili. Walioshindwa kulipa nao waliongezeka, na hiyo ndiyo sababu taasisi nyingi hazitaki kulegeza. Kwa hiyo kama biashara yako huchukua mwezi kuzungusha mtaji, mfumo wa kila wiki utakukaba hata kama riba ni ndogo.

Je, kubebana madeni ni lazima? Xavier Giné na Dean Karlan walifuatilia benki moja ya Ufilipino iliyoondoa dhamana ya pamoja kwenye vituo vyake ikabakiza mikutano tu, na ulipaji haukushuka. Grameen yenyewe mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilibadili utaratibu wake ili aliyekwama apangiwe upya badala ya kuandamwa. Hivyo ukikuta taasisi mbili mtaani kwako, moja inataka mlipiane na nyingine inawakutanisha tu kila mtu akilipa lake, nenda kwenye hii ya pili hata kama riba yake imezidi kidogo.

Kuna jambo moja zaidi, na hili naliogopa. Katika jimbo la Andhra Pradesh, India, taasisi zilishindana kukopesha wateja wale wale mpaka mtu mmoja akawa na marejesho ya taasisi tatu au nne. Mwaka 2010 yaliripotiwa matukio ya wakopaji kujiua, na serikali ya jimbo ikaingilia kwa amri kali. Hatuko mbali sana na hali hiyo katika mitaa ambako Jumatatu ni marejesho ya huku, Jumatano ya kule na Ijumaa ya kwingine. Kabla ya kuweka sahihi na watu wanne, waulize wazi kila mmoja ana mikopo mingapi mingine. Anayekasirikia swali hilo, usimdhamini.

Kikoba: riba inarudi kwenu

Mwaka 1991, katika eneo la Maradi nchini Niger, shirika la CARE lilianza kuwafundisha wanawake wa vijijini kuweka na kukopeshana pesa zao wenyewe, bila fedha ya mfadhili kuingia kwenye sanduku. Mbinu hiyo ilifika Zanzibar, kwenye vijiji vya jirani na msitu wa Jozani, mwanzoni mwa miaka ya 2000, na Bara ikaenea kwa jina la VICOBA. Leo wanawake wengi wa mjini wana kikoba.

Kikao cha kikoba kinachoendeshwa vizuri kina utaratibu wake. Sanduku la chuma lina makufuli matatu, na kila ufunguo unakaa na mwanachama tofauti. Mwenye kutunza sanduku hana hata mmoja. Wanachama wanaitwa kwa namba. Namba saba anasogea, anatamka kwa sauti hisa anazonunua, pesa inahesabiwa mbele ya macho ya wote, daftari lake linapigwa mihuri kwa idadi ya hisa. Mfuko wa jamii, ule wa misiba na ugonjwa, unakusanywa kwenye bakuli lake pekee. Kisha faini: aliyechelewa, aliyepokea simu kikaoni. Mwishoni mwa kikao salio la sanduku linatamkwa na kila mmoja anatakiwa kulikumbuka, kwa sababu kikao kijacho ndilo swali la kwanza. Hata asiyejua kusoma anaweza kuilinda pesa yake kwa njia hiyo, na kwangu mimi hii ndiyo nguvu halisi ya kikoba kuliko riba yenyewe.

Kuhusu riba, asilimia 10 ni jambo la kawaida, na wengi huiona kubwa. Lakini mwisho wa mzunguko, kikoba kinapovunjwa, riba yote na faini zote zinagawanywa kwa hisa. Umelipa kwa mkono mmoja, umepokea sehemu kwa mwingine. Hapa kuna usawa usiokamilika ambao watu hawausemi: anayekopa sana hulipa faida ya anayeweka bila kukopa. Vikoba vingine vimejibu kwa kumlazimisha kila mwanachama akope, na hilo nalipinga. Mtu asiye na kazi ya kufanyia pesa akilazimishwa kuikopa, ataila, kisha atatafuta mkopo wa kulipa mkopo.

Kikomo cha kikoba ni ukubwa wa sanduku. Chukulia wanachama 25, kila mmoja ananunua hisa za shilingi 10,000 kwa wiki. Baada ya wiki 12 mna shilingi 3,000,000 kwa watu 25. Wewe umeweka 120,000, na kama katiba yenu inaruhusu mara tatu ya hisa, unastahili 360,000. Pesa hiyo inatosha mzigo wa mitumba wa kuanzia au mashine ya kusaga karanga iliyotumika. Ukihitaji milioni tano mwezi Machi, kikoba hakina. Mzunguko ukikaribia kuisha napo mikopo husimama ili madeni yakusanywe, kwa hiyo anayetegemea kikoba kununua mzigo wa sikukuu ajue kuwa Novemba sanduku huwa limefungwa.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliviweka vikundi hivi katika daraja la nne na kuvitaka visajiliwe, na usajili hufanyika halmashauri. Baadhi ya vikundi huona ni usumbufu. Lakini mweka hazina akipotea na pesa, kikundi kilichosajiliwa kina mahali pa kuanzia kudai. Nina wasiwasi zaidi na vikoba vya WhatsApp, ambako wanachama hawajawahi kuonana na sanduku ni namba ya simu ya mtu mmoja. Huko hakuna makufuli matatu.

Upatu, au mchezo kama wengi wanavyouita, usiuchanganye na kikoba. Hauna riba wala akiba inayokua, ni zamu tu. Unafaa kununulia kitu kimoja kikubwa, haufai kuwa mtaji wa biashara kwa sababu zamu yako haijui lini bidhaa ni rahisi sokoni.

SACCOS

Ukiacha mikopo ya halmashauri nitakayoitaja chini, kwa bei hakuna anayeishinda SACCOS nzuri, yaani chama cha akiba na mikopo. Mizizi yake ni vyama vya akiba vya wakulima wa Ujerumani wa karne ya 19, vya Friedrich Wilhelm Raiffeisen, na kanuni haijabadilika: unakuwa mwanachama, unanunua hisa, unaweka akiba, unakopa mara kadhaa ya akiba yako ukidhaminiwa na wanachama wenzako. Riba ya asilimia 1 kwa mwezi juu ya salio linalopungua si ya ajabu, hasa Kenya, na kwa mwajiriwa makato yanatoka kwenye mshahara kabla haujafika mkononi.

Shida zake ni subira na uongozi. Utaweka akiba kwa miezi kadhaa kabla ya kukopeshwa, na ukikopeshwa huenda ukasubiri foleni. Viongozi wakijikopesha wao kwanza, akiba yako imenaswa. Uliza mambo mawili kabla ya kujiunga: leseni kutoka Tume ya Maendeleo ya Ushirika, na hesabu zilizokaguliwa za mwaka uliopita. Zisomwe mkutano mkuu. Zisiposomwa, usiweke pesa hapo.

Kampuni za mikopo ya mtu binafsi

Hapa unakwenda peke yako na barua ya serikali ya mtaa, mdhamini, na dhamana: kadi ya pikipiki, hati, au vitu vya ndani vilivyopigwa picha. Hakuna vikao wala kulipia mwenzako, na pesa hutoka haraka. Kwa mwenye biashara iliyokwisha kusimama ni njia ya heshima. Ila ni hapa watu wengi huumia kwa kutopiga hesabu.

Benki Kuu ya Tanzania imeweka ukomo wa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wasiopokea amana. Kampuni mbili zinaweza kukuambia "tatu nukta tano" na zisiwe na bei moja. Kopa shilingi 1,000,000 kwa miezi sita. Riba ikihesabiwa juu ya deni la mwanzo mpaka mwisho, utalipa riba ya 210,000. Ikihesabiwa juu ya salio linalopungua, utalipa 122,500. Tofauti ni 87,500, gunia la bidhaa hilo, na imefichwa ndani ya asilimia ile ile.

Halafu makato ya awali. Tuseme wanashikilia asilimia 10 kama dhamana ya fedha, na ada pamoja na bima ni asilimia 3. Mkononi unapokea 870,000, lakini riba unailipia milioni nzima. Kwa hiyo swali la kumuuliza afisa ni hili: nitapokea shilingi ngapi leo, na mpaka siku ya mwisho nitakuwa nimelipa shilingi ngapi? Mwambie aandike namba hizo mbili kwenye karatasi, kisha nenda kwa jirani yake naye aandike zake. Huo ndio ulinganisho unaoweza kuutegemea.

Wale wanaoitwa kausha damu siwaweki kwenye ulinganisho. Anayekushikia kadi ya benki na namba ya siri, anayekupa mkataba wenye nafasi zilizoachwa wazi, anayetaka riba ya kila wiki na hana leseni ya kukuonyesha: huyo hata ukiwa na shida ya hospitali, tafuta kwanza ndugu, kikoba, mwajiri, msikiti, kanisa.

Mkopo wa simu

Safaricom na benki ya CBA walizindua M-Shwari Kenya mwezi Novemba 2012, na mwaka 2014 M-Pawa ikaja kwa wateja wa Vodacom Tanzania. Mwaka 2019 kule Kenya ikafuata Fuliza ya Safaricom, inayokuruhusu kukamilisha malipo hata salio likipungua. Hakuna afisa, hakuna kikao, na saa nane za usiku mtoto akiugua pesa ipo. Hilo ni jambo kubwa na anayelidharau hajawahi kukwama.

Bei yake lakini ni ya siku chache, haijatengenezwa kwa mwaka. M-Shwari ilianza na ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30, na ada hiyo ilikuwa ile ile hata ukilipa baada ya wiki moja. Kwa ada hiyo, ukikopa 100,000 na kuirudia kila mwezi, mwaka mzima utakuwa umelipa ada ya 90,000. Deni hilo hilo la 100,000 kwa asilimia 1 ya SACCOS, hata ulibebe lote mwaka mzima bila kupunguza, ni 12,000.

Mikopo ya programu zinazopakuliwa ni jambo jingine tena. Nyingi zilisoma orodha ya namba kwenye simu ya mkopaji na kuwatumia ujumbe wa kumdhalilisha wakwe, bosi na marafiki. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni, na Kenya ilianza kuwadhibiti wakopeshaji wa aina hii kwa kanuni za mwaka 2022. Programu ikiomba ruhusa ya kusoma namba za watu wako, ifute.

Mbili nyingine kwa ufupi

Mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayogawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, haina riba kabisa. Ilisimamishwa mwaka 2023 baada ya kasoro za vikundi hewa na madeni yasiyorejeshwa, ikarudi mwaka 2024. Ukiwa na kikundi halisi na uvumilivu wa makaratasi, iombe kabla ya nyingine zote. Ila usipange biashara ya msimu ukiitegemea, kwa sababu huijui siku itakayotoka.

Na kwa Mwislamu anayejiepusha na riba, taasisi zinazofuata sharia, kama Amana Bank iliyoanza mwaka 2011, hufanya murabaha: wananunua bidhaa unayoihitaji, wanakuuzia kwa faida mliyokubaliana, unalipa kwa awamu. Bei inajulikana tangu siku ya kwanza na haiongezeki. Linganisha jumla ya malipo na bei ya dukani kama ungefanya kwa mkopo wowote.

Sasa wewe uko wapi?

Mama lishe, mwenye genge, muuza dagaa: pesa yako ni ya kila siku. Anza na kikoba mzunguko mmoja kamili, usikope mwanzo, nunua hisa. Mtaji ukizidi uwezo wa sanduku, nenda kwenye mkopo wa kikundi usio na kulipiana. Marejesho ya wiki wewe unayaweza.

Mwalimu, muuguzi, mlinzi wa kampuni: SACCOS ya kazini, na usiguse kingine mpaka uhakikishe imeshindikana.

Dereva wa bodaboda hujaribiwa na pikipiki ya mkataba. Usiangalie hesabu ya siku peke yake. Elfu kumi kwa siku 400 ni milioni nne. Ulizia pikipiki ile ile dukani ni kiasi gani, halafu ulizia nini kinatokea ukiumwa wiki mbili. Mkataba usiosema lolote kuhusu siku za ugonjwa na matengenezo, usiusaini.

Mkulima, kimbia marejesho ya kila wiki. Tafuta mkopo unaolipwa baada ya mavuno kupitia chama cha ushirika, au kama zao lako limo kwenye mfumo wa stakabadhi ghalani, ambako unaweka mazao ghalani na kupewa hati yake, kumbuka kwamba sheria ya mwaka 2005 inaifanya stakabadhi hiyo iweze kuwa dhamana, ili usilazimike kuuza wakati bei iko chini.

Mwenye marejesho ya sehemu mbili tayari, kwako jibu ni kutochukua la tatu, hata likiitwa la kukuokoa. Nenda kwa afisa mikopo kabla ya siku ya malipo, wakati bado unapokewa kwa adabu, ukiwa na daftari la mauzo ya mwezi uliopita. Mwombe akupunguzie kiasi na kukuongezea muda. Wengi hukubali, kwa sababu mteja anayelipa kidogo kidogo ana faida kwao kuliko kochi kuukuu lililotaifishwa. Makubaliano yawe kwa maandishi, yenye sahihi na muhuri, na kila utakacholipa kuanzia hapo kiwe na risiti.